Mwanangu Yuko Leipzig

Akina mama wenzangu, tangu binti yangu aende kusoma Ujerumani, kila Jumapili baada ya ibada lazima nisimamishwe na mzazi mmoja au wawili. Mmoja huuliza habari za baridi. Mwingine huuliza kama kweli shule ni bure. Wapo wanaouliza kwa sauti ya chini kama mtoto bado anasali. Nimeona badala ya kujibu kila mtu pale mlangoni mwa kanisa, niandike hapa yale niliyoyasikia kwa simu na yale aliyonisimulia alipokuja likizo, maana wengi wetu tuna vijana wanaojaza fomu za kwenda nje, na watu wa wakala huwaeleza habari za uwanja wa ndege tu.

Mji wenyewe ni Leipzig. Kwa sisi watu wa Kilimanjaro jina hilo si geni. Wamishenari wa Leipzig ndio waliofika Machame mwaka 1893, na bibi yake binti yangu, ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa Tanzania, alipoambiwa mjukuu wake anakwenda Leipzig alipiga makofi kama mtu aliyesikia mtoto anakwenda kwa ndugu. "Basi anarudisha salamu," akasema. Chuo Kikuu cha hapo ni cha mwaka 1409. Mwanangu alipata nafasi ya shahada ya pili, masomo kwa Kiingereza, na hakutakiwa kulipa ada ya masomo isipokuwa mchango wa kila muhula.

Hapo ndipo watu husema shule ni bure. Ni kweli na si kweli. Ubalozi hautoi viza mpaka mwanafunzi aonyeshe fedha za kujikimu mwaka mzima, zimewekwa katika akaunti iliyofungwa. Mwaka 2023 alipokwenda zilitakiwa euro 11,208, yaani karibu shilingi milioni 30 kwa wakati ule. Kuanzia Septemba 2024 kiasi kilipanda hadi euro 11,904. Fedha hizo ni zake mwenyewe, hakuna anayezila, lakini benki humtolea kidogo kidogo kila mwezi. Kwetu zilitoka kwa baba yake aliyeuza gari dogo, kwa mkopo wangu wa SACCOS, kwa wajomba wawili, na kwa rafiki wa familia ambaye tunaendelea kumlipa. Mzazi anayesikia neno "bure" na ajue jambo hili kabla mtoto hajaanza kushona nguo za safari.

Nikisema nguo, koti lake la baridi tulinunua mitumba hapa Moshi. Koti zuri, zito, la kijivu. Alipofika kule mwenzake mmoja wa Kijerumani alisoma lebo ya ndani akaanza kucheka, kwa kuwa duka lililoandikwa hapo liko mji wa jirani. Koti lilisafiri kuja Afrika, likakaa kwenye kamba ya muuza mitumba, likarudi kwao.

Alitoka Kilimanjaro kupitia Addis Ababa, akashuka Frankfurt, kisha akapanda treni. Aliingia Leipzig Jumamosi jioni tarehe 30 Septemba 2023. Stesheni yenyewe, alisema, ni kubwa kiasi kwamba alitembea akidhani ametoka nje, kumbe bado yumo ndani. Alilala kwa uchovu, akaamka Jumapili na njaa, akatoka kutafuta duka. Maduka yote yalikuwa yamefungwa. Si kwamba yamefungwa mpaka ibada iishe, la, siku nzima. Kule sheria hairuhusu maduka ya kawaida kufunguliwa Jumapili. Akazunguka mtaa baada ya mtaa mpaka akakuta kibanda cha Waturuki wanaouza nyama iliyokatwakatwa ndani ya mkate, kitu kinachoitwa döner, akala hicho asubuhi na jioni. Jumatatu akanunua mkate na maziwa kidogo, akijua kesho atarudi. Kesho yake, Jumanne tarehe 3 Oktoba, ikawa sikukuu ya taifa lao, na maduka yakafungwa tena. Alinipigia simu huku anacheka, lakini mama hujua kicheko cha njaa. Tangu siku hiyo ana kalenda ukutani, na sikukuu zote zimezungushiwa wino mwekundu. Jimbo la Saxony lina sikukuu ambazo majimbo mengine hayana, kama ile ya toba na maombi ya mwezi wa Novemba, ambayo huwa Jumatano.

Msiba wa pili ulikuwa wa sanduku la barua. Mniruhusu niueleze vizuri, kwa sababu ulimgharimu wiki tatu. Ukifika Ujerumani unatakiwa kujiandikisha katika ofisi ya mji ndani ya wiki mbili, ukishafanya hivyo unafungua akaunti ya kawaida ya benki, na benki hukutumia kadi na namba ya siri kwa barua. Mwanangu akajiandikisha, akafungua akaunti, akasubiri. Barua haikuja. Akasubiri tena. Benki wakasema barua zimerudi, mpokeaji hajulikani. Hajulikaniwaje na anwani ni sahihi? Kumbe kule mleta barua haangalii namba ya chumba. Anaangalia jina lililoandikwa kwenye sanduku pale chini ya ngazi, na sanduku la mwanangu lilikuwa bado na jina la kijana aliyehama. Hakuna aliyemwambia aandike lake. Baba yake aliposikia alishangaa kabisa. "Sisi usharika mzima tuna sanduku moja la posta na barua zinafika!" Siku zote hizo fedha zake zilikuwepo na hakuweza kuzigusa. Alikula kwa kukopa kwa msichana wa Kivietnamu wanayekaa naye nyumba moja. Mzazi, mwambie mwanao siku ya kwanza abandike jina lake kwenye sanduku, hata kwa karatasi na gundi.

Tena kuna saa. Sisi Waswahili tunajua shida ya saa, tunayo miaka yote: Mzungu akisema saa nane anamaanisha saa mbili yetu, na mtoto hujifunza kugeuza. Mwanangu aligeuza vizuri mpaka karani wa idara alipomwambia mwalimu atamwona asubuhi "halb neun". Halb ni nusu, neun ni tisa. Basi akaelewa tisa na nusu ya kwao, yaani saa tatu na nusu yetu. Akafika saa tatu na robo, amevaa vizuri, amewahi. Mwalimu alikwisha kumsubiri na kwenda kufundisha. Wajerumani wakisema nusu tisa, wanamaanisha tisa haijafika, uko katikati ya kuiendea, yaani saa mbili na nusu yetu. Mimi nimefikiria jambo hili mara nyingi na bado naona Mswahili ana akili zaidi: saa mbili na nusu, huwezi kukosea.

Nyumba anayoishi ni bweni la wanafunzi lenye vyumba vinne na jiko moja. Jikoni ndipo penye visa. Kuna mapipa manne ya taka na kila moja lina rangi yake: karatasi kwenye la bluu, vifungashio kwenye la njano, maganda ya vyakula kwenye la kahawia, na kinachobaki kwenye jeusi. Chupa za kioo hupelekwa nje mtaani kwenye makontena, nyeupe peke yake, kijani peke yake, kahawia peke yake, wala usizitupe Jumapili kwa sababu zinapiga kelele. Kosa moja na utakuta karatasi imebandikwa kwenye friji, imeandikwa kwa adabu sana. Kule watu hawagombani kwa mdomo. Wanaandikiana. Mwanzoni karatasi zilimliza, akidhani amechukiwa. Baadaye akagundua wenzake hao hao walioandika karatasi asubuhi wanamkaribisha chai jioni, na hakuna kinyongo.

Ila kuna karatasi moja alistahili. Alikaanga dagaa. Nilikuwa nimemfungia kilo moja ya dagaa wa Mwanza, na siku moja ya Novemba hamu ikamshinda. Alifunga madirisha kwa sababu ya baridi, akaweka mafuta, akaweka dagaa, na baada ya dakika tano king'ora cha moshi kikalia nyumba nzima, watu wakashuka ngazi na makoti juu ya nguo za kulalia. Harufu ilikaa siku nne. Lakini nasikia kijana wa chumba cha mwisho, Mjerumani, alionja na ugali, akaomba tena.

Ugali wenyewe si taabu kuupata. Kuna mtaa unaitwa Eisenbahnstraße wenye maduka ya Waarabu, Waturuki na Waafrika, na huko anapata unga, ndizi za kupika na hata mihogo, kwa bei ambayo hapa ungenunulia kuku. Nyama ni ghali kwake. Mchana anakula chuoni, kwenye bwalo la wanafunzi, ambako chakula ni nafuu.

Na madirisha! Hilo nalo lilimshangaza. Wajerumani hufungua madirisha yote wazi asubuhi na jioni, hata theluji ikianguka, kwa dakika tano au kumi, kisha wanafunga. Mwanangu alidhani ni wazimu. Mimi kama muuguzi nilimwambia awafuate. Chumba kilichofungwa, watu wanapika na kukausha nguo ndani, unyevu hukaa ukutani na kuota ukungu, na ukungu si mzuri kwa kifua.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Wiki ya mwisho kabla ya kuondoka, binti yangu alikwenda kuaga kwa shangazi yake Mabogini, kule chini kwenye mashamba ya mpunga. Akalala siku tatu. Mnaoijua Moshi mnajua tofauti ya Machame na Mabogini kwa upande wa mbu. Alisafiri mzima kabisa. Wiki mbili baada ya kufika Leipzig, katikati ya Oktoba, akaanza kuumwa kichwa na viungo, akapata homa na baridi ya kutetemeka. Wenzake wote walikuwa wanakohoa, ni msimu wa mafua. Akaenda kwa daktari wa karibu. Daktari akamsikiliza kifua, akamtazama koo, akamwambia ni mafua, anywe chai, apumzike, akampa na cheti cha ugonjwa cha siku tatu. Hakumwuliza ametoka wapi na lini. Najua huyo daktari aliona watu ishirini wenye mafua siku ile, lakini swali hilo moja halichukui hata nusu dakika, na sisi huku hata msaidizi wa wodi angeliuliza.

Kesho yake usiku simu yangu ikalia. Kwetu ilikuwa saa saba, kule saa sita, maana wakati ule tofauti ilikuwa saa moja. Shikamoo yake tu ilinitoa usingizini. Sauti ilikuwa ya mtu anayeongea kutoka ndani ya mtungi.

"Mama, wamesema ni mafua, lakini naona siponi."

"Homa inakujaje?"

"Natetemeka, halafu nachomwa na joto, halafu jasho. Halafu inarudi."

"Umetapika?"

"Tangu jioni. Hata maji hayakai."

Nimefanya kazi wodini zaidi ya miaka ishirini. Maneno hayo nimeyasikia kwa watu sijui wangapi, na sikuhitaji darubini. Nilimwambia amwamshe mwenzake yule wa Kijerumani mara moja, apige namba 112, ambayo ni ya dharura, na akifika hospitali aseme maneno mawili tu hata kama hana nguvu ya kusema mengine: Tansania, na malaria. Kwa Kijerumani ni malaria vile vile. Nikamwambia asikubali kurudi nyumbani mpaka wamechukua damu na kuitazama. Akasema, "Mama, watanicheka." Nikamwambia wakucheke ukiwa hai.

Kisha nilikaa kitandani na simu mkononi. Baba yake alisimama dirishani. Akina mama, ninyi mnajua usiku wa namna hiyo. Mtoto akiumwa nyumbani unamkanda kwa maji, unampima joto, mikono ina kazi. Mikono yangu haikuwa na kazi. Niliomba, nikanyamaza, nikaomba tena, na katikati nilihesabu saa kama ninavyohesabu kwa wagonjwa wangu: homa siku ya ngapi, ametapika tangu saa ngapi, damu ikipimwa sasa majibu saa ngapi.

Saa kumi na moja alfajiri yule kijana wa chumba cha mwisho alinipigia kwa Kiingereza chake. Daktari wa zamu, mwanamke kijana, aliposikia neno Tanzania alisimama hapo hapo na kuagiza damu. Walikuta vimelea vya falsiparamu, ile malaria yetu inayoua. Kwetu tulizoea kuandika alama za kujumlisha, wao wanaandika asilimia ya chembe nyekundu zilizoshambuliwa, na yake ilikuwa mbili. Hapa mgonjwa wa namba hiyo akiwa anaweza kumeza hupewa dawa ya mseto akaenda nyumbani. Kule walimlaza siku nne, wakaanza na dawa ya mshipa kwa sababu ya kutapika, kisha wakampa vidonge ambavyo alivitambua, ni dawa ile ile ya mseto katika boksi zuri zaidi. Walimpima kila saa chache. Wanafunzi wa udaktari waliletwa kwa makundi kumwona, maana wengi wao malaria waliijua vitabuni tu. Yeye akawaeleza mwenyewe dalili zake, na nasikia siku ya tatu aliwafundisha hadi habari za chandarua. Hapo nikajua amepona.

Gharama zote zililipwa na bima. Kule mwanafunzi haandikishwi chuoni bila bima ya afya, na ni makato makubwa kila mwezi, alikuwa akinung'unika nayo tangu alipofika. Yeye alitoa euro 10 kwa kila siku aliyolala hospitali. Tangu hapo hajanung'unika tena.

Kwa hiyo nawaambia akina mama: mtoto akitoka maeneo yenye malaria kwenda Ulaya, na akapata homa ndani ya miezi ya mwanzo, neno la kwanza kwa daktari liwe nchi aliyotoka na tarehe aliyoondoka. Mwandikie kwenye karatasi kwa lugha ya huko aiweke kwenye pochi, maana homa ikipanda hata Kiingereza hukimbia. Jambo la pili wengi hawalijui. Akikaa huko mwaka au miaka miwili bila kuumwa na mbu wetu, ile kinga ya mwili aliyokua nayo hupungua. Akija likizo si yule tena. Binti yangu alipokuja nilimwekea chandarua na kumpeleka kwa daktari kwanza kuhusu dawa ya kinga. Majirani walimwita Mzungu, nikawaacha waseme.

Baada ya hospitali mambo yalikuwa mepesi kidogo, ila Jumapili tarehe 29 Oktoba alikwenda kanisani, akakuta mlango umefungwa na barabara haina mtu. Usiku ule walikuwa wamerudisha saa nyuma. Wao hufanya hivyo kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na kuisogeza mbele tena Jumapili ya mwisho ya Machi. Alikaa kwenye ngazi za kanisa saa nzima na koti lake la Moshi.

Kisha giza likaja. Mwezi wa Desemba kule jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi jioni, na mchana wenyewe ni wa mawingu. Alianza kulala sana, hana hamu ya kula, simu zake zikawa fupi. Watu wa huku humwambia mtoto kama huyo ajikaze. Mimi nilimwambia aende kwa daktari na aulizie vitamini D, kwa sababu kuanzia Oktoba hadi Machi jua la huko halina nguvu ya kutosha kuiwezesha ngozi kuitengeneza, na ngozi yetu nyeusi huhitaji jua zaidi kuliko yao. Akapewa vidonge. Nikamwambia pia atoke nje kila siku saa sita mchana hata kama anaona uvivu, na asikae peke yake jioni zote.

Kilichomsaidia zaidi ni watu wawili, kama naweza kusema hivyo. Wa kwanza ni Bach. Kanisa la Mtakatifu Tomaso, ambako Johann Sebastian Bach alikuwa kiongozi wa muziki tangu 1723 hadi alipokufa 1750, lina kwaya ya wavulana iliyoanza mwaka 1212. Huimba Ijumaa jioni na Jumamosi mchana kwa kiingilio kidogo. Mwanangu ni wa sauti ya pili tangu kwaya ya vijana, na alikwenda akakaa nyuma kabisa, karibu na kaburi la Bach lilivyo pale mbele aliogopa kusogea. Anasema kulikuwa na joto, mwanga, na hakuna aliyemtaka aseme lolote. Akawa anakwenda kila Ijumaa.

Wa pili ni bibi mmoja anayekaa nyumba ya jirani. Walianza kwa salamu. Kule watu hawasalimiani kwenye tramu, lakini kwenye ngazi, na ukiingia kwenye chumba cha kusubiri daktari, unatoa salamu kwa wote. Mwanangu alimsalimia huyo bibi kila siku kwa kuinama kidogo, kama alivyozoea, bibi akaanza kumsubiri. Sasa humbebea vitu vya dukani, naye humrekebisha Kijerumani. Mwaka 2024, tarehe 9 Oktoba, alimchukua mjini kuwasha mishumaa. Bibi alikuwa mmoja wa watu wapatao 70,000 waliotembea mitaani usiku wa tarehe hiyo mwaka 1989, wakitokea kwenye maombi ya Jumatatu katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai na makanisa mengine, huku polisi na askari wamejipanga. Aliacha watoto wawili wamelala kwa dada yake, na hakujua kama atarudi. Hakuna risasi iliyopigwa usiku ule, na mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguliwa. Mwanangu alinisimulia yote haya kwa simu akiwa bado na nta ya mshumaa kwenye glovu.

Sitaki mdhani kila mtu huko ni bibi huyo. Kuna jioni kwenye tramu mwanamume mmoja aliyelewa alimwambia kwa sauti arudi kwao Afrika. Watu wengi walitazama simu zao. Mwanamke mmoja wa makamo aliinuka alipokuwa amekaa, akaja kukaa kando yake, akaanza kumwuliza habari za masomo kana kwamba wanajuana, mpaka kituo chake kikafika. Mwanangu huzungumza habari za huyo mwanamke kuliko za yule mlevi. Mimi, ukiniuliza, huwakumbuka wote wawili, na nimemwomba usiku asisafiri peke yake.

Siku hizi anafanya kazi saa chache kwa wiki kwenye duka la mikate. Sheria inamruhusu mwanafunzi kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, au siku 280 za nusu. Husuka nywele za Waafrika wenzake Jumamosi, na chupa zake hazitupi tena, kwa kuwa amejua chupa ya plastiki ya soda ikirudishwa kwenye mashine dukani inatoa senti 25. Ila aliona wazee wenye nguo safi wakitafuta chupa hizo kwenye mapipa ya barabarani, na jambo hilo lilimnyima raha. Sasa zake huziweka kando ya pipa, wasilazimike kuingiza mikono.

Yuko kwenye tasnifu yake ya mwisho. Mwezi ujao kijana wa mzee mmoja wa usharika wetu anasafiri kwenda huko huko, na mama yake ameniuliza apakie nini. Nimemwambia nyama iliyokaushwa, siagi na maziwa asijaribu, vitachukuliwa uwanja wa ndege, na maembe na parachichi nayo yanahitaji cheti. Dagaa wanaruhusiwa. Ndizi pia, pamoja na nanasi na nazi, huingia Ulaya bila cheti chochote. Kwa hiyo atambebea binti yangu mkungu mdogo wa mshare uliokatwa vichana, dagaa wamefungwa mifuko mitatu ili wasinuke, na yeye mwenyewe nimemwandikia karatasi ya kuweka kwenye pochi. Wiki hii nampima damu kabla hajaondoka, kwa kuwa nimesikia naye anakwenda Mabogini kuaga.